Thomas Midgley: Mhandisi Aliyetia Risasi Kwenye Petroli

Mtahiniwa, katika sura iliyopita umesoma kwamba wasifu ni masimulizi ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine, na tawasifu ni yale anayoyaandika mwenyewe. Tofauti hiyo wengi wenu mnaijua. Kinachowaponza ni kingine. Kila mwaka ninaposahihisha mitihani ya majaribio nakuta wasifu ambao ni sifa tupu tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho: alizaliwa, alisoma kwa bidii, alipendwa na watu, akafa. Hiyo ni risala ya kumuaga marehemu. Kwa sababu hiyo nimekuchagulia maisha ya mtu ambaye ni vigumu kumsifu moja kwa moja, na ni vigumu pia kumlaani moja kwa moja. Soma polepole. Sikutumia nukuu hata moja. Kila jambo nimelieleza kwa maneno yangu, kama utakavyotakiwa kufanya wewe kwenye chumba cha mtihani.

Kabla hatujaanza, neno moja. Risasi tutakayoizungumzia hapa ni ile metali nzito ya kijivu, ambayo katika lugha yetu ina jina moja na kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Risasi hii ni sumu. Ikiingia mwilini hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi, na kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo. Thomas Midgley ndiye aliyegundua kwamba ikichanganywa kwenye petroli, injini ya gari hufanya kazi vizuri zaidi. Ugunduzi huo ulifanyika katika maabara ya kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani, na moshi wake ulifika mpaka huku kwetu.

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus katika jimbo la Ohio. Ubunifu ulikuwa wa nyumbani, kwani baba yake pia alikuwa mvumbuzi aliyejishughulisha na matairi. Mwaka 1911 alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawalitarajii: shahada yake ilikuwa ya uhandisi wa mitambo. Kemia iliyompa jina duniani aliisoma mwenyewe kazini, kitabu mkononi, huku injini ikinguruma pembeni. Mwaka huohuo alimwoa Carrie Reynolds, wakapata watoto wawili.

Baada ya kazi mbilitatu, mwaka 1916 aliajiriwa na kampuni ya Delco katika mji wa Dayton, Ohio. Bosi wake alikuwa Charles Kettering, mtu mwenye sifa kubwa tayari. Zamani hizo gari liliwashwa kwa kuzungushwa hendeli kwa mkono mbele ya injini, na hendeli hiyo iliweza kurudi kwa nguvu ikamvunja mtu mkono au taya. Kettering ndiye aliyebuni stata ya umeme iliyowekwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Mwaka 1919 General Motors ilinunua maabara zake, na Kettering akawa mkuu wa utafiti wa kampuni hiyo kubwa. Midgley akaenda pamoja naye. Kuanzia hapo akawa mtaalamu wa kiufundi ndani ya kiwanda cha magari, na kazi aliyopewa ilikuwa moja: kuondoa mgongo.

Mafundi wa gereji wakisema injini inagonga, wanaweza kumaanisha mambo kadhaa. Mgongo aliopewa Midgley ulikuwa wa namna hii. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa petroli na hewa hubanwa na pistoni, kisha plagi hutoa cheche na moto husambaa kwa mpangilio kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiubana sana mchanganyiko huo, sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa mara moja. Mlipuko huo hugonga kuta za silinda kama nyundo, nguvu hupotea, na injini huharibika. Wakati huohuo wahandisi walijua kwamba kadiri mchanganyiko unavyobanwa zaidi, ndivyo injini inavyotoa nguvu nyingi kwa petroli ileile. Mgongo ndio uliokuwa ukuta. Ukibomoka, magari yangekwenda mbali zaidi kwa mafuta machache, na wakati ule wengi Marekani waliogopa kwamba mafuta yao yangekwisha karibuni. Kettering alikuwa na sababu yake binafsi pia: watu walisema kosa lilikuwa la mfumo wake wa umeme wa kutoa cheche, naye alitaka kujisafisha.

Midgley alianza vizuri. Alitengeneza chombo cha kupima shinikizo ndani ya silinda, akaona kwamba mgongo hutokea baada ya cheche, na hausababishwi na mafuta kuwaka mapema. Kettering alikuwa safi. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nini? Wakajaribu kubahatisha. Kuna mmea wa porini huko Marekani ambao majani yake yana wekundu kwa chini, na huchanua mapema hata theluji haijaisha. Walidhani labda rangi nyekundu hunyonya joto haraka. Basi huenda mafuta mekundu yangegeuka mvuke mapema na kuungua vizuri. Midgley alitafuta rangi nyekundu kwenye stoo ya maabara akakosa, akachukua iodini badala yake. Akaitia kwenye mafuta. Mgongo ukaisha. Siku zilizofuata akanunua rangi nyekundu za kila aina, akazijaribu, na hakuna hata moja iliyofanya kitu. Kumbe wekundu haukuhusika. Iodini yenyewe ndiyo iliyofanya kazi. Nadharia ilikuwa ya uongo, jibu likawa la kweli. Uwe mwangalifu ukisimulia kisa hiki kwenye mtihani, maana wengi huandika kwamba rangi nyekundu ilitibu injini.

Iodini ilikuwa ghali na ilitafuna vyuma. Basi msako ukaanza, na ulichukua miaka. Walijaribu kila kilichopatikana kwenye rafu. Anilini ilisaidia lakini ilinuka. Michanganyiko ya selenimu na telurimu ilisaidia zaidi, ila harufu yake, kama kitunguu saumu kilichooza, ilimganda mtu kwenye nguo na ngozi hata akioga. Watafiti wale walikuwa wakikimbiwa na watu. Hatimaye waliacha kubahatisha. Walilitandaza jedwali la elementi, lilelile mnalolikariri katika kemia, wakaona kwamba nguvu ya kuzuia mgongo ilifuata mpangilio fulani kadiri walivyoshuka kwenye makundi yake. Mstari huo uliwaelekeza kwenye metali nzito za chini. Tarehe 9 Desemba 1921 walitia kwenye injini kimiminika kinachoitwa tetraethili ya risasi. Mgongo ulikufa kabisa. Dawa yenyewe ilihitajika kidogo mno: mililita 3 hivi zilitosha galoni nzima ya petroli, karibu lita 4.

Ukisoma hapa, mpe haki yake. Miaka mitano ya kujaribu na kushindwa, kisha kutambua utaratibu ndani ya vurugu, ni sayansi ya kiwango cha juu. Baadaye petroli hiyo iliwezesha injini za ndege zenye nguvu kubwa, zikiwamo zile zilizotumika katika Vita Kuu ya Pili.

Lakini injini ilikuwa na malalamiko mapya. Risasi ilibaki ndani, ikaganda kwenye plagi na vali kama masizi magumu. Midgley alipata ufumbuzi tena: alichanganya humo kemikali yenye bromini, ambayo huishika risasi wakati wa kuungua na kuitoa nje pamoja na moshi kupitia ekzosi. Injini ikawa safi. Hebu simama hapo, mtahiniwa, ufikirie. Alipimwa kwa usafi wa injini, na kwa kipimo hicho alifaulu. Risasi iliyotoka kwenye injini ilikwenda barabarani, kwenye vumbi, kwenye mapafu ya wapita njia, na hilo halikuwamo kwenye kazi aliyopewa.

Je, njia nyingine haikuwapo? Ilikuwapo, na Midgley aliijua. Alkoholi, ile inayotengenezwa kwa kuchachusha nafaka au miwa, huzuia mgongo. Mwaka 1921, miezi michache tu kabla ya ugunduzi wa risasi, yeye mwenyewe aliwaonyesha wahandisi wenzake gari lililotumia mafuta yenye alkoholi asilimia 30. Tatizo la alkoholi lilikuwa la kibiashara kwa sehemu kubwa. Ilihitajika kwa wingi, na mkulima yeyote aliweza kuitengeneza. Matumizi ya tetraethili ya risasi kwenye petroli, kwa upande wake, yalilindwa kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na kila galoni iliyouzwa ingeileta kampuni fedha. Sisemi kwamba fedha ndiyo sababu pekee. Nasema ukiandika juu ya uamuzi huu ukaacha kutaja fedha, jibu lako halijakamilika.

Kuhusu sumu, hakuna aliyekuwa gizani. Watu wamejua ubaya wa risasi tangu enzi za Warumi. Wanasayansi walimwandikia Midgley kumtahadharisha. Mwishoni mwa mwaka 1922 mkuu wa huduma ya afya ya umma ya Marekani aliandika kuuliza kama petroli hiyo haitahatarisha watu, na Midgley ndiye aliyejibu. Alieleza kwamba jambo hilo limefikiriwa kwa uzito, ingawa hakuna majaribio yaliyofanyika, na kwamba barabara ya kawaida haitakuwa na risasi ya kuweza kupimika. Ningependa uisome sentensi hiyo mara mbili. Huyu ni mtu aliyeijaribu injini kwa kemikali baada ya kemikali, miaka mitano, asiyekubali kusema kitu kinafaa mpaka akione kwenye chombo cha kupimia. Juu ya pumzi za watu alijibu bila kupima chochote. Tena, alipojibu hivyo mwili wake mwenyewe ulikuwa umeanza kutoa jibu: mwanzoni mwa mwaka 1923 ilibidi aache kazi kwa wiki kadhaa na kwenda Florida kwenye joto na hewa safi, kwa sababu alikuwa ameathiriwa na risasi.

Mwezi Februari mwaka huohuo, galoni za kwanza ziliuzwa katika kituo cha mafuta mjini Dayton. Bidhaa iliitwa Ethyl, jina zuri la kike, na neno risasi halikutajwa. Mwezi Mei magari matatu ya kwanza kumaliza mashindano makubwa ya Indianapolis yote yalitumia petroli hiyo, na madereva kila mahali wakaitaka. Mwaka 1924 General Motors na kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya pamoja ya kuiuza, na Midgley akawa mmoja wa viongozi wake.

Kisha ikaja Oktoba 1924. Katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, kilichokuwa kikitengeneza tetraethili ya risasi, wafanyakazi walianza kurukwa na akili. Waliona vitu visivyokuwapo, walipiga kelele, wengine walifungwa ili wasijidhuru. Watano walikufa, na zaidi ya 30 walilazwa hospitalini. Vifo vingine vilitokea Dayton na katika kiwanda cha kampuni ya DuPont. Kimiminika hiki ni hatari kuliko risasi ya kawaida, kwa kuwa hupita kwenye ngozi na kufika kwenye ubongo haraka. Miji kadhaa, New York ikiwamo, ilipiga marufuku petroli hiyo. Magazeti yalichachamaa.

Tarehe 30 Oktoba Midgley aliitwa mbele ya waandishi wa habari kuitetea bidhaa. Alimwaga kimiminika kile kwenye mikono yake akainawa kama maji, kisha akaweka chupa puani na kuvuta mvuke wake kwa dakika nzima. Alidai kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Huyu ndiye mtu aliyerudi kutoka Florida mwaka uliotangulia kwa ajili ya sumu hiyohiyo. Nimewahi kuwauliza wanafunzi darasani: alikuwa anadanganya, au alikuwa amejidanganya kwanza yeye mwenyewe? Darasa liligawanyika nusu kwa nusu, kengele ikalia tukiwa bado tunabishana.

Mei 1925 serikali iliitisha mkutano mjini Washington, na uuzaji ukasimamishwa kusubiri uchunguzi. Upande mmoja walikaa watu wa magari na mafuta, waliosema kwamba maendeleo hayawezi kusimama kwa hofu ya jambo lisilothibitishwa. Upande mwingine alikuwapo daktari Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kuteuliwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliyetumia miaka mingi kuzunguka viwandani akichunguza wafanyakazi waliolemazwa na risasi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: kiwandani unaweza kumlinda mfanyakazi kwa kanuni na glavu, barabarani huwezi kumlinda mtu yeyote. Aliwataka watafute kitu kingine cha kuzuia mgongo. Kamati iliyoundwa ilichunguza madereva na wafanyakazi wa gereji 252 kwa miezi michache tu, haikuona aliyeugua waziwazi, na mwanzoni mwa 1926 ikasema haina sababu za kutosha za kupiga marufuku. Ilishauri uchunguzi uendelee kwa miaka mingi. Uuzaji ulirudi mwaka huohuo. Uchunguzi ulioendelea ulilipiwa, kwa sehemu kubwa, na wenye bidhaa.

Zingatia mzigo wa kuthibitisha ulivyohama. Anayetaka kutia kitu kipya kwenye hewa ya watu ndiye aliyepaswa kuonyesha kwamba ni salama. Baada ya 1926 ikawa anayehofia ndiye aonyeshe maiti. Sumu inayojikusanya mwilini taratibu haitoi maiti haraka.

Nitapita upesi kwenye ugunduzi wake wa pili, ingawa nao ungetosha kumfanya mtu maarufu. General Motors ilikuwa pia na kampuni ya majokofu, Frigidaire. Majokofu ya wakati ule yalitumia amonia, salfa dioksidi au methili kloridi. Bomba likipasuka usiku, familia ingeweza kufa usingizini. Mwaka 1928 Kettering alimwomba Midgley atafute gesi isiyo na sumu wala kuwaka. Yeye na wenzake wawili, Albert Henne na Robert McNary, walirudi kwenye jedwali la elementi na ndani ya muda mfupi wakapata mchanganyiko wa kaboni, klorini na florini uliokuja kuitwa Freon. Midgley alipenda kusimulia kwamba chupa 5 za malighafi waliyoagiza, 4 zilikuwa na uchafu wa kutoa gesi ya kuua; kwa bahati walianza na ile moja nzuri, na panya wao wa majaribio akaishi. Angekufa, huenda wangeliacha wazo lote. Mwaka 1930 mbele ya wanakemia aliivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza taratibu kwenye mshumaa ukazimika. Safari hii alikuwa sahihi, gesi haikumdhuru aliyeivuta. Madhara yake yalijificha mahali ambapo wakati ule hakuna aliyepatazama: mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za aina hiyo hupanda juu sana angani na kubomoa tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ndio ulioanza kuziondoa.

Usiyachanganye makosa haya mawili, mtahiniwa. Mtihani unapenda kupima hilo. La ozoni hakuna aliyelijua akiwa hai. La risasi aliambiwa.

Maisha yake ya mwisho yalikuwa ya heshima na maumivu. Alipewa medali karibu zote kubwa za wanakemia wa Marekani, ikiwamo Medali ya Priestley mwaka 1941, na mwaka 1944 akawa rais wa chama chao. Hataza zake zilipita 100. Lakini mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 51, alishikwa na polio iliyompooza miguu. Alifanya alichokuwa akifanya siku zote: aliliangalia tatizo na kulitengenezea mtambo. Alifunga kamba na makapi, zile puli mnazosoma katika fizikia, juu ya kitanda chake ili aweze kujiinua bila kumsumbua mtu. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa nyumbani kwake Worthington, Ohio, kamba hizo zimemnyonga. Alikuwa na umri wa miaka 55. Wengi hukisimulia kifo hiki kwa kejeli, wakisema alilipwa. Mimi sikioni hivyo, na ukiandika hivyo katika mtihani utakuwa umehukumu kabla ya kueleza. Mtu aliyepooza alitaka kukaa kitandani kwa nguvu zake mwenyewe, basi.

Petroli yake haikufa naye. Ilienea dunia nzima. Aliyeitikisa ni mwanajiokemia Clair Patterson, na hakuwa akiitafuta. Patterson alitaka kujua umri wa Dunia kwa kupima risasi iliyomo ndani ya mawe na vimondo. Kila alipopima alikuta risasi iliyozidi: kwenye vyombo, kwenye vumbi la maabara, hata kwenye nywele zake. Ilimbidi ajenge chumba kisafi kupita kiasi, ndipo akapata jibu lake, miaka bilioni 4.55. Kisha akajiuliza risasi yote ile imetoka wapi. Mwaka 1965 alichapisha hoja kwamba watu wa viwandani walikuwa wamebeba risasi nyingi mno kuliko mababu zao, na kwamba petroli ni chanzo kikubwa. Watu wa kampuni walimpinga kwa miaka, naye hakunyamaza.

Kilichoharakisha mwisho kilitoka palepale ilipoanzia. Kuanzia magari ya mwaka 1975, General Motors na wenzake walifunga kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na kifaa hicho huharibiwa na risasi. Kampuni iliyoileta petroli ya risasi ikawa inahitaji petroli isiyo nayo. Damu za watoto wa Marekani zilipopimwa baadaye, kiwango cha risasi kilishuka kadiri petroli hiyo ilivyopungua. Mwaka 1996 ilipigwa marufuku kabisa huko kwa magari ya barabarani. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Huku kwetu iliendelea kuuzwa miaka kadhaa zaidi. Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiacha, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka katika karibu eneo zima. Hesabu mwenyewe: wazazi wako walikwenda shule, walisubiri basi na walicheza kando ya barabara wakati magari bado yanatoa risasi. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Mwezi uliofuata Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi, lilitangaza kwamba imekwisha, miaka 100 kasoro miezi michache tangu siku ile ya Desemba mjini Dayton.

Ukipita kwenye kituo cha mafuta, tazama pampu za petroli. Baadhi yake bado zina neno la Kiingereza linalomjulisha mnunuzi kwamba petroli hiyo haina risasi. Kijana anayejaza tangi la bodaboda pale hana habari kwa nini kuna haja ya kumwambia.